CHAPA YA KIAZI KITAMU: Historia ya Muhuri, Leso na Mkono wa Mtoto Anayechora



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, mada yetu safari hii imetokana na swali. Mama mmoja wa hapa Kiyeyi alitujia baada ya darasa la Jumamosi akiwa na daftari la mwanawe mkononi. Kurasa za nyuma zote zilikuwa zimejaa mimea: jani la muhogo na vidole vyake, jani la mwembe, suke la mtama, ua la mpamba. Kurasa mbili za mwisho hazikuchorwa kwa kalamu. Kijana alikuwa amechonga kifutio chake kwa wembe, akakipaka wino, akagonga jani lile lile safu kwa safu mpaka ukurasa ukafanana na kitambaa.

"Walimu wangu," mama akauliza, "huyu nimwache au nimkataze? Jirani ananiambia kuchora ni haramu. Baba yake anasema ni kupoteza wakati, tena kifutio kinanunuliwa."

Tulimwomba atupe muda. Tulijua swali hilo si lake peke yake. Linaulizwa Tororo, linaulizwa Busia, pande zote mbili za mpaka. Na tulipoanza kutafuta jibu tukaona kwamba lina historia ndefu, nayo imefungwa kiunoni mwa kila mama aliyekuja kumchukua mtoto siku ile. Leo tunaieleza historia hiyo kwa kifupi.

JE, KUCHORA MIMEA KUNA UBAYA?

Tuanze na jirani, kwa sababu hoja yake si ya kupuuzwa. Ziko hadithi sahihi zinazoonya vikali juu ya wenye kutengeneza picha, na wanavyuoni wamezijadili kwa karne nyingi. Lakini ndani ya Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim mna tukio linalomhusu hasa kijana wetu. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kwamba riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas akamsimulia onyo alilolisikia kwa Mtume (s.a.w.). Yule mtu alishtuka sana, uso ukambadilika. Ibn Abbas hakumwacha katika hofu ile. Alimwelekeza kwamba kama hana budi kuendelea na kazi yake, basi achore miti na kila kisichokuwa na roho.

Kwa maelekezo hayo, wanavyuoni walio wengi wameona kuchora miti, majani, maua, milima na mito hakuna ubaya. Wamehitilafiana kuhusu picha za wanadamu na wanyama, na katika hilo kila familia imuulize mwanachuoni inayemwamini. Ama jani la muhogo, mlango wake uko wazi. Tena tazameni jinsi Ibn Abbas alivyomfundisha mtu yule: hakumnyang'anya kazi yake, alimwonyesha upande wa kuipeleka. Huo peke yake ni mfano mzuri kwa mzazi.

MUHURI ULIOCHONGWA KWA AJILI YA BARUA

Sasa tuje kwenye kuchonga. Wengi wetu hatujafikiria kwamba kazi ya kuchonga chapa inatajwa ndani ya sira yenyewe. Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia watawala wa nje, akiwemo mfalme wa Warumi, aliambiwa kwamba watu wale hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Ikatengenezwa pete ya fedha, na juu yake yakachongwa maneno matatu katika mistari mitatu: Muhammad, Rasul, Allah. Barua zile zikagongwa kwa muhuri huo.

Baada yake pete ilivaliwa na Abu Bakr (r.a.), kisha Umar (r.a.), kisha Uthman (r.a.), mpaka siku ilipoanguka katika kisima cha Aris, Madina. Waliitafuta siku tatu wasiipate. Ona basi thamani ya kitu kidogo kilichochongwa vizuri! Mchongaji alitakiwa kufanya kazi yenye utulivu, kwani anayechonga muhuri huchonga herufi kinyume, ili zikigongwa zisomeke sawasawa. Mwanafunzi asiyeamini ajaribu kuchonga herufi ya kwanza ya jina lake kwenye kifutio, atakuja kutusimulia.

MIKONO YA WALIOTUTANGULIA HAPA MPAKANI

Baba yake kijana anaona mambo haya ni ya kigeni, ya kupoteza wakati. Tungemwomba siku moja amchukue mwanawe hadi Kakapel. Ni katika kaunti ya Busia, upande wa Kenya, kwenye vilima vya Chelelemuk, si mbali na Malaba. Pale kuna pango la jabali lenye michoro ya rangi nyekundu na nyeupe, iliyochorwa na watu wa vizazi mbalimbali, mmoja juu ya mwingine. Michoro ya zamani zaidi, yenye maumbo kama duara ndani ya duara, inahusishwa na wawindaji wa kale. Baadaye wakaja wafugaji, wakachora ng'ombe. Serikali ya Kenya imeifanya sehemu hiyo kuwa turathi ya taifa.

Chini ya jabali hilo wataalamu wamechimba, na katika utafiti uliotolewa mwaka 2024 walieleza kuwa wamepata mabaki ya mazao ya kale, zikiwemo kunde za miaka ipatayo 2,300 iliyopita. Yaani kunde zile zile tunazopika leo zilipikwa chini ya jabali lenye michoro. Watu wa eneo hili walilima na walichora, na kimoja hakikuzuia kingine.

Tena angalieni chungu cha udongo kilichofinyangwa kwa mtindo wa zamani katika ukanda wetu huu wa Ziwa Viktoria. Mabegani mwake mna alama ndogo ndogo zinazokizunguka kama shanga. Mfinyanzi hakuzichora moja moja. Alichukua kipande cha kamba au majani yaliyosokotwa na kufungwa mafundo, akakiviringisha juu ya udongo ukiwa bado mbichi, na fundo likaacha chapa yake. Ufundi huo katika nchi za maziwa makuu umekuwepo kwa takriban miaka 1,000. Ni chapa kamili: kitu cha asili kinabonyezwa, kinarudiwa, kinatoa pambo. Bibi zetu waliifanya bila ya kuhudhuria darasa lolote la sanaa.

LESO: CHAPA TUNAYOIVAA

Hapa ndipo tunapofika kwenye lile jambo tulilosema limefungwa kiunoni. Leso, au kanga kama wanavyoita wengine, haikuzaliwa kiwandani.

Katika karne ya 19 nguo iliyoenea Afrika Mashariki ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyopaushwa iliyoletwa na meli kutoka Marekani. Ilikuwa pia kama fedha. Misafara iliyotoka pwani ilibeba majora ya merikani kununulia chakula na pembe njiani. Njia mojawapo ya misafara hiyo ilipita Mumias kwa Nabongo Mumia, kwa majirani zetu, na kwa njia hiyo hiyo Uislamu nao uliingia Kenya Magharibi. Pamoja na merikani kulikuwa na kaniki, nguo iliyotiwa rangi ya nili.

Huko Unguja, merikani na kaniki ndizo zilizokuwa nguo za wanawake waliokuwa watumwa. Nguo isiyo na pambo ilimtambulisha mtu hata kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo pambo halikuwa jambo dogo. Katika miaka ya 1870 na 1880 wanawake wa pwani walianza kuvaa nguo zenye nakshi. Wengine walinunua leso za kufutia uso, neno lenyewe likiwa limetoka kwa Wareno, wakazishona pamoja kuwa nguo moja pana. Na nyingine zilipambwa kwa mkono: merikani ilitandikwa, na nakshi zikagongwa kwa chapa za mbao au chapa zilizokatwa kwenye nusu ya kiazi kitamu.

Ndiyo, ndugu msomaji, kiazi kitamu. Kile kile kinacholimwa nyuma ya nyumba zetu Kiyeyi.

Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa wameachwa huru waliacha kaniki na kuvaa kanga. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kwa urefu jinsi mavazi yalivyokuwa njia ya watu hao kusema kwamba sasa ni waungwana kama wengine. Kwa hiyo anayesema pambo ni mchezo wa watoto afikirie tena. Kwa bibi aliyetoka utumwani, doa jeupe juu ya nguo nyekundu lilikuwa ni heshima yake.

Na nakshi zenyewe zilitoka wapi? Inasimuliwa kuwa jina la kanga limetokana na madoadoa yaliyofanana na ya ndege kanga. Leo tukifungua sanduku la mama yeyote tutakuta korosho, mananasi, maembe, waridi, majani ya mti. Leso ni bustani. Ina pindo linaloizunguka pande zote, ina mji katikati, na ina maneno yake, ambayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuhamia herufi za Kilatini. Kwa mpangilio huo mtu hawezi kukosa kukumbuka milango ya kuchongwa ya Unguja na Lamu, au misahafu iliyoandikwa kwa mkono na kupambwa kule Siyu, kisiwani Pate: pindo la maua, na katikati neno.

PAMBA YETU ILIKWENDA WAPI?

Lakini chapa ya mkono haikudumu. Wafanyabiashara waliona jinsi wanawake walivyopenda nguo hizi, wakapeleka michoro Ulaya. Kufikia miaka ya 1890 viwanda vya Uholanzi na Uingereza vilikuwa vinachapa kanga kwa wingi kwa ajili ya soko la pwani yetu. Baadaye India na Japani nazo zikaingia. Wanawake hawakuacha kuamua, kwani nakshi wasiyoipenda ilibaki dukani. Duka la familia ya Kaderdina Hajee Essak, Mombasa, limejulikana kwa leso zenye maandishi ya Mali ya Abdulla tangu karne hiyo ya 19. Hata hivyo mkono uliogonga chapa haukuwa tena mkono wa pwani.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Tororo na Busia kuliko tunavyodhani. Kuanzia mwaka 1903 pamba ilianza kulimwa Uganda kwa ajili ya kuuzwa nje, na mashariki ya nchi ikawa ndiyo kitovu cha zao hilo. Wazee wetu waliilima, wakaichuma, wakaipeleka kuchambuliwa. Reli iliyotoka Nakuru ikapita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931. Marobota yakapanda gari la moshi kwenda Mombasa na kutoka huko yakavuka bahari, mengi yakienda viwanda vya Bombay. Nguo iliyochapwa ilirudi kwa njia ile ile, tukainunua. Mkulima aliuza pamba kwa kilo na mkewe akanunua ua kwa bei ya duka.

Haikuwa hivyo siku zote. Jinja ilipata kiwanda cha Nyanza Textiles, yaani Nytil, katika miaka ya 1950, wakati umeme wa bwawa la Owen Falls ulipopatikana. Dar es Salaam ilipata kiwanda cha Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa China, nacho kilichapa kanga nyingi. Hivyo ufundi wa kuchapa umewahi kuwa mikononi mwetu, ukaondoka, ukarudi, ukadhoofika. Kinachotuhuzunisha ni kwamba watoto wetu wengi hawajui kama uliwahi kuwepo. Kwao ua lililo kwenye leso ya mama hutoka dukani, kama vile maziwa hutoka kwenye pakiti.

NDUGU ZETU WALIOUSHIKA UFUNDI

Wako Waislamu ambao hawakuuacha ufundi huu. Katika jimbo la Gujarat, India, sehemu za Kachchh, kuna mafundi wa ukoo wa Khatri wanaochapa kitambaa kinachoitwa ajrakh. Chapa zao ni za mbao ngumu, zimechongwa nyota, maua na mizabibu. Kitambaa hupita hatua zaidi ya kumi: kuoshwa, kugongwa chokaa na gundi ili rangi isishike pale isipotakiwa, kutumbukizwa katika nili, kuoshwa tena. Baba humfundisha mtoto. Tetemeko la ardhi la mwaka 2001 lilipoharibu kijiji chao cha Dhamadka na maji yake kutofaa tena kwa rangi, baadhi yao walianzisha kijiji kipya wakakiita Ajrakhpur, kwa jina la kitambaa chao.

Gujarat si mbali na sisi kihistoria. Vipande vya pamba ya Gujarat vilivyogongwa chapa za mbao vimepatikana Fustat, Misri, vingine vikiwa na umri wa miaka 1,000 hivi. Na nguo za Gujarat zilikuwa zikiuzwa pwani ya Afrika Mashariki kabla ya meli ya kwanza ya Mreno kufika. Wenye maduka ya nguo wa asili ya Kihindi ambao wazee wetu waliwajua Tororo na Busia walikuwa wanaendeleza biashara ya kale sana.

Tunasema haya ili baba wa kijana ajue: mtoto anayechonga kifutio hachezi mchezo wa kigeni. Anaanza kazi ambayo Waislamu wenzake wanaila na kuivaa mpaka leo.

FANYENI NYUMBANI

Kwa familia zinazotaka kujaribu, hii hapa njia tunayoitumia na watoto. Haina gharama kubwa.

1. Tokeni nje kwanza. Kila mtoto achague jani moja, alitazame vizuri kabla ya kulichora: mishipa inatoka wapi, ukingo ni laini au una meno? Achore kwa penseli mara tatu. Mchoro wa tatu ndio huwa wa kweli.

2. Mzazi akate kiazi kitamu kigumu katikati kwa kisu, mkato mmoja ulionyooka. Futeni maji kwa kitambaa kikavu, kwani kiazi kilicholowa hutoa chapa iliyovuja.

3. Chora umbo la jani juu ya kiazi. Ondoa sehemu za nje kwa kina cha nusu sentimita hivi, ili jani libaki limeinuka. Mishipa ikatwe kwa mikwaruzo membamba. Watoto wadogo wasishike wembe. Wao wachore, wakubwa wachonge. Anayetaka chapa ya kudumu atumie soli ya kandambili kuukuu, maana kiazi huharibika baada ya siku moja au mbili.

4. Pakeni rangi kidogo kwa kitambaa, msitumbukize. Asiye na rangi akoroge masizi ya sufuria na uji mwepesi wa muhogo. Rangi hii ni ya karatasi, haihimili kufuliwa.

5. Gongeni pindo kwanza, kuzunguka karatasi yote, kisha mji katikati. Mkitaka maneno, kumbukeni kuchonga kinyume. Tafadhali tusichonge jina la Allah wala aya juu ya kitu kitakachokaliwa au kutupwa.

Viazi vikiisha kazi, mbuzi hawali rangi, fukieni shambani.

JIBU LETU KWA MAMA

Jumamosi iliyofuata tulimjibu yule mama hivi: usimkataze. Mwelekeze, kama Ibn Abbas alivyomwelekeza yule fundi. Mpe majani, miti, mawe, maji. Mwambie swala isimpite kwa sababu ya mchoro, na daftari la hesabu lisiwe ndilo la kuchorea. Kifutio chake ni chake, lakini kiazi unacho nyumbani.

Mama alicheka. Kisha akafungua leso aliyojifunga, akaitandaza juu ya meza, akamwita mwanawe. "Haya, nionyeshe," akasema, "hili ua lingechongwaje?" Kijana aliinama muda mrefu. Akaweka kidole juu ya pindo, akaonyesha mahali ambapo chapa moja inaishia na nyingine inaanza. Sisi tuliosimama pale tumezivaa na kuziona leso maisha yetu yote, na hatukuwahi kuuona mkato ule.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

- Waulizeni mabibi: leso ya kwanza waliyonunuliwa ilikuwa na nakshi gani na maneno gani?
- Nani katika ukoo wenu aliwahi kulima pamba? Iliuzwa wapi?
- Kama mngechonga chapa ya familia yenu, mngechagua mmea gani wa hapa kwetu, na kwa nini?